Wadudu wanukao ukutani kila Oktoba: wanatafuta nini nyumbani kwetu?

"Mtaalamu, shikamoo. Tunaishi Maryland, si mbali na mashamba ya matofaa, na huu ni mwaka wa tatu tunasumbuliwa na wadudu wa kahawia wenye umbo la ngao. Oktoba ikifika hujaa kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, na ndivyo ilivyo hivi sasa. Januari tunawakuta kwenye mapazia, ndani ya taa, hata juu ya kitanda cha mtoto. Ukimponda mmoja, chumba kizima kinanuka. Mume wangu amepiga dawa ndani mara nyingi, nami naogopa kwa sababu mtoto wetu wa miaka minne ana pumu. Jirani anasema hawa ni jamii ya kunguni, kwamba wanazaliana ndani ya kuta, na kwamba harufu ya aliyepondwa huwaita wenzake. Nyanya na pilipili hoho zangu za bustanini nazo zilikuwa na mabaka meupe msimu mzima. Tena tunafunga mizigo ya kumpelekea mama Mombasa, na sitaki kuwa mimi niliyewafikisha wadudu hawa nyumbani. Tufanye nini, na wataisha lini?"

Marahaba, dada. Ninavyoisoma barua yako, kinachokunyima usingizi ni kutojua wadudu hawa wanafanya nini ndani ya nyumba: kama wanazaliana, kama kuna kitu wanachokula, kama watamdhuru mtoto. Nitaanza hapo, maana ukishajua wanachokitafuta ukutani kwako utaona pia kwa nini dawa ya mume wako haijafua dafu, na ni kazi gani itakayokuletea nafuu.

Maelezo yako yanamhusu mdudu ambaye jina lake la kitaalamu ni Halyomorpha halys. Asili yake ni China, Japani, Korea na Taiwan. Nchini Marekani alionekana kwanza Allentown, jimbo la Pennsylvania, mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa muda alidhaniwa kuwa mmoja wa wadudu wa kawaida wa huko, hadi mwaka 2001 alipotambuliwa kuwa ni mgeni. Kufikia mwaka 2010 alikuwa ameongezeka mno katika majimbo ya kati ya pwani ya mashariki, likiwemo lako, hata wakulima wa matofaa peke yao wakakadiriwa kupoteza dola milioni 37 katika msimu huo mmoja. Nakueleza haya ili ujue kwamba wingi unaouona hautokani na uchafu wa nyumba wala uzembe wa mtu yeyote. Mwaka 2011 mtafiti mmoja wa Maryland aliamua kuwakusanya na kuwahesabu wote aliowakuta ndani ya nyumba yake kuanzia Januari hadi Juni, akapata 26,205. Naamini wa kwenu hawajafikia hapo.

Hata hivyo, mkague kwanza mmoja wao kwa makini. Mdudu mzima ana urefu wa milimita 12 hadi 17, mgongo wa kahawia wenye vitone vidogo, vipapasio vyenye mikanda myeupe, na kingo za tumbo zinazotokeza kando ya mabawa zikiwa na mabaka meusi na meupe yanayopishana. Mabega yake ni ya mviringo, hayakuchongoka. Alama hii ya mabega ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu yuko mdudu mwingine, mwenyeji wa Marekani, anayefanana naye kwa umbo na rangi lakini mwenye mabega yaliyochongoka kama miiba. Huyo anaitwa Podisus maculiventris, chakula chake ni viwavi na wadudu wengine waharibifu, na watu wengi humuua kwa kumfananisha na huyu mgeni. Ukimkuta bustanini, mwache.

Sasa nije kwa jirani. Aliposema ni jamii ya kunguni hakukosea kabisa, kwa kuwa wote wawili wamo katika oda moja ya wadudu wenye mdomo mrefu wa kudunga na kufyonza. Undugu wao unaishia hapo. Kunguni wa kitandani hufyonza damu, na huyu hufyonza utomvu wa mimea, matunda na mbegu. Aliyetua kwenye kitanda cha mtoto hakufuata mwili wala damu. Alitoka kwenye ufa wa dirisha au dari, akafuata joto na mwanga, akaangukia hapo. Hana desturi ya kuuma watu, na hakuna ugonjwa unaojulikana kwamba humwambukiza binadamu. Jambo la kuangalia ni majimaji yake: yakiingia machoni huwasha, na watu wachache huweza kupata mzio, kwa mfano mafua ya kudumu na macho kuwasha, hasa pale wadudu wanapokuwa wengi ndani ya nyumba. Kwa mtoto mwenye pumu, basi, una sababu ya kutaka chumba chake kiwe na wachache iwezekanavyo, ila huna sababu ya kuogopa kwamba watamshambulia akiwa amelala.

Kuhusu kuzaliana ndani ya kuta, jibu ni hapana, na hapa ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Siku zinapoanza kuwa fupi, kuelekea mwishoni mwa Septemba, mwili wa mdudu mzima hubadilika. Huacha kula, viungo vya uzazi husimama, naye huanza kuishi kwa mafuta aliyoyahifadhi wakati wa majira ya joto. Ni usingizi wa miezi kadhaa, na anachohitaji ili aumalize salama ni mahali pakavu, pembamba, penye giza, pasipofikiwa na baridi kali. Msituni hujibana chini ya magome ya miti mikubwa iliyokufa ikiwa bado imesimama. Nyumba yako, kwa mdudu huyu, ni mti mkubwa mkavu wenye magome mengi: mbao za nje zilizopandana, fremu za madirisha, matundu ya kupitishia hewa, uwazi ulio kati ya dari na paa. Ukuta unaopigwa na jua la jioni huwa na joto zaidi mchana unapokwisha, na ndiyo maana hukusanyika hapo kabla ya kutafuta ufa wa kuingilia. Wachache wakishatulia, wengine hujazana pale pale.

Wale unaowaona Januari ni walioamka kabla ya wakati. Nyumba inapopashwa joto, kuta za ndani nazo hupata joto, na baadhi yao hudanganyika wakidhani majira yamebadilika. Hutambaa kuelekea kwenye mwanga na kuishia kwenye mapazia na taa zako. Hawali, hawanywi, hawatagi, na kwa kuwa kutembea kunawamalizia akiba ya mafuta, wengi wao hufa kabla baridi haijaisha. Wanaobaki hutaka kutoka Aprili na Mei, na hicho ni kipindi cha pili ambacho huonekana kwa wingi ndani, safari hii wakitafuta njia ya kwenda nje. Kuzaliana huanza baada ya hapo, kwenye majani. Jike hutaga mafungu ya mayai ya rangi ya kijani hafifu, kwa kawaida mayai 28 katika fungu moja, upande wa chini wa jani. Tunutu wanaoanguliwa hubaki wamezunguka maganda kwa muda wakilamba bakteria ambazo mama amezipaka juu ya mayai na ambazo wanazihitaji ili wakue. Kisha hupita hatua tano za kujivua ngozi kabla ya kuota mabawa kamili. Tunutu hana mabawa ya kumfikisha dirishani kwako, wala ndani ya kuta hana mmea wa kula. Usiku utakaposikia kitu kikigonga taa, ujue ni mdudu mzima wa mwaka jana aliyepoteza njia.

Harufu nayo ina maelezo yake. Hutoka kwenye tezi zilizo upande wa chini wa kifua, na kemikali zake kuu zimo katika kundi la aldehidi, baadhi yake zikiwa zile zile zinazoyapa majani ya dania harufu yake. Ndiyo maana watu wengine humsikia mdudu huyu akinukia kama kitoweo na wengine humwona hafai hata kukaribiwa. Hiyo ni harufu ya hatari. Kazi yake ni kumfukuza adui na kuwatahadharisha wenzake walio karibu. Kemikali ya kuitana ni nyingine kabisa, hutolewa na madume, na pua ya binadamu haiigundui. Kumponda mmoja hakuwaiti wenzake, ingawa sikushauri ufanye hivyo juu ya pazia au zulia, kwa kuwa majimaji yake huacha doa.

Ukiyaweka haya pamoja, utaona kwamba vita vya ndani ya nyumba ni vita vya nyufa. Mdudu asiyekula chakula chochote ndani, asiyezaliana ndani, na anayelala nyuma ya mbao ambako dawa haifiki, hawezi kumalizwa kwa kupuliza chumbani. Unaowaua ni wale wachache waliokwisha kutoka, ambao ungeweza kuwaokota kwa mkono. Tena hata dawa ingefika ndani ya ukuta, ingekuachia tatizo jingine: mizoga mingi mikavu huvutia mbawakawa wa mazulia, ambao mabuu wao, wakimaliza mizoga, huhamia kwenye sufu, mablanketi na mazulia. Kuhusu yale makopo yanayofyatuka na kujaza chumba ukungu wa dawa, nayakataa waziwazi. Ukungu wake hauingii kwenye nyufa, dawa hubaki juu ya vitu ambavyo mtoto atavishika, na gesi inayousukuma inaweza kushika moto ikikutana na mwali wa jiko au wa mtambo wa kupasha maji. Katika nyumba yenye mtoto wa pumu, nasema kwa uzito wote, mwombe mume wako aache kupiga dawa ndani kuanzia leo.

Kazi yenye faida ni kuziba. Wakati bora wa kuziba kwa nje ni Agosti, kabla hawajaanza kutafuta makao, kwa hiyo kwa mwaka huu mmechelewa. Hilo halizuii kuziba kwa ndani sasa hivi, jambo ambalo kwa chumba cha mtoto ndilo lenye matunda ya haraka zaidi. Anzeni na chumba hicho peke yake. Pakeni silikoni au gundi ya kuzibia nyufa kuzunguka fremu ya dirisha, kwenye ubao unaopita chini ya ukuta, na pale feni au taa ya dari inapokutana na dari. Vifuniko vya swichi na soketi viwekewe vipande vya sponji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, baada ya kuzima umeme. Kama kuna kiyoyozi kilichopachikwa dirishani, kitoeni majira ya joto yakiisha, kwa sababu pembeni mwake huwa pana nafasi kubwa ambayo watu huisahau. Mlango wa kupandia darini nao uwekewe mkanda wa kuzuia hewa. Wakati wa jioni zimeni taa za barazani katika wiki hizi za Oktoba, maana wadudu hawa hupenda mwanga.

Agosti ijayo, nendeni nje na tochi mkiwa wawili. Mmoja amulike kutoka ndani ya dari wakati jua limetua na mwingine aangalie kwa nje mahali panapopenya mwanga. Matundu ya hewa na ya bomba la moshi yafunikwe kwa wavu wenye vijicho visivyozidi milimita nne, milango iwekewe mpira chini, na vyandarua vya madirisha vilivyopasuka vibadilishwe. Msizibe tundu la hewa lenyewe kwa gundi, hasa lile la mtambo unaochoma gesi, kwa kuwa hewa chafu ya gesi ikikosa pa kutokea huua watu. Kazi hii ina gharama na inachosha, na sitakudanganya kwamba itawazuia wote. Nyumba ya zamani ya mbao haizibiki kabisa. Lakini kila ufa unaozibwa ni ufa ambao utakuwa umezibwa pia mwaka unaofuata, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya kopo la dawa.

Wanaoingia licha ya hayo, waondoeni kwa mikono au kwa maji. Chukua chombo chenye mdomo mpana, kitie maji kiasi na matone ya sabuni ya kuoshea vyombo, kiweke chini ya mdudu aliyeko ukutani kisha umguse kwa karatasi. Desturi yake anaposhtuka ni kujiachia aanguke, naye ataangukia majini, ambamo sabuni humzuia kuelea. Mashine ya kufyonza vumbi inafaa pia, ila harufu itabaki ndani ya mashine kwa muda mrefu. Wengi huvalisha soksi ndefu nyembamba ya kike ndani ya bomba lake, wakaikunja kwa nje na kuifunga kwa mpira, ili wadudu wanaswe ndani ya soksi na kutupwa bila kufika kwenye mfuko wa mashine. Kwa chumba kisicholaliwa, upo mtego rahisi ambao watafiti wa Virginia Tech waliujaribu katika nyumba za watu: sinia pana la karatasi ya alumini lenye maji ya sabuni, na taa inayomulika juu yake usiku, sehemu nyingine yote ya chumba ikiwa giza. Mtego huo uliwanasa wadudu mara 14 zaidi ya mitego iliyouzwa madukani. Taa iwekwe mahali ambapo haiwezi kuangukia majini, na mtoto asifike chumba hicho.

Dawa ya nje ya ukuta ipo, na baadhi ya kampuni za kudhibiti wadudu huipendekeza. Kwa kawaida huwa ni piretroidi, aina ya sumu ya wadudu, inayopuliziwa kuzunguka madirisha na chini ya kingo za paa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Inaweza kupunguza wanaoingia, ila jua huivunjavunja kwa siku chache, ilhali wadudu huendelea kuwasili kwa wiki kadhaa. Na ikisombwa na mvua hadi mtoni ni sumu kali kwa samaki. Mimi ningeiweka mwisho kabisa wa orodha. Mkiamua kuitumia, ifanywe na mtu mwenye leseni, na mtoto akae mbali mpaka ikauke. Kumbukeni kwamba nchini Marekani maelekezo yaliyo kwenye lebo ya kiuatilifu yana nguvu ya sheria, na dawa iliyoandikwa kwamba ni ya nje haitumiki ndani.

Nije kwenye bustani. Mabaka meupe uliyoyaona kwenye nyanya na hoho ni alama za mdomo wa mdudu. Anapodunga tunda huingiza mate yanayoyeyusha chembe za ndani kisha hufyonza, na sehemu iliyoachwa hubaki na weupe wenye sponji chini ya ngozi. Kwenye tofaa sehemu hiyo hukauka ikawa kama kizibo. Tunda si sumu. Kata sehemu iliyoharibika, ule iliyobaki. Anakula zaidi ya aina 100 za mimea, kuanzia mahindi, soya na maharage hadi mapichi na miti ya mapambo, kwa hiyo kubadilisha zao moja kwa jingine hakusaidii sana. Kinachosaidia katika bustani ndogo ni kufunika mimea kwa wavu mwembamba mara inapoanza kuzaa. Nyanya na hoho hujichavusha zenyewe, kwa hiyo hazidhuriki kwa kukosa nyuki, tofauti na maboga na matango. Pita asubuhi mapema, wakati wadudu bado ni wazito kwa baridi, uwakung'ute kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na ugeuze majani utafute mayai.

Jambo moja usilifanye: usinunue mtego wenye feromoni, yaani ile kemikali ya kuitana, na kuutundika karibu na nyanya. Unaonekana kufanya kazi kwa sababu unajaa wadudu, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Mtego huwaita kutoka mbali, wengi hutua kwenye mimea iliyo jirani bila kuingia ndani yake, na majaribio yaliyofanywa katika bustani za nyanya huko huko Maryland yalionyesha kwamba mitego haikupunguza uharibifu, bali nyanya zilizokuwa karibu nayo ziliumizwa zaidi. Mitego hiyo ni ya mkulima anayetaka kujua wadudu wameanza lini kufika shambani. Kwa bustani ya nyumbani ni mwaliko tu.

Ukigeuza jani ukakuta mayai yamegeuka kuwa meusi, yaache hapo. Yumkini yamekwisha kupata mgeni mwingine, na habari zake zinajibu swali lako la mwisho. Huko Asia, wadudu hawa hawana sifa mbaya waliyo nayo Marekani kwa sababu yuko nyigu mdogo, Trissolcus japonicus, mwenye urefu wa milimita moja au mbili, asiyeweza kumuuma binadamu, ambaye hutaga yai lake ndani ya yai la mdudu huyu. Kiluwiluwi wa nyigu hula kilichomo, na kinachotoka kwenye ganda ni nyigu. Mdudu aliposafiri, nyigu alibaki nyuma. Watafiti wa serikali walimleta nyigu huyu katika maabara za karantini ili kuchunguza, kabla ya kumwachia, kama asingegeukia mayai ya wadudu wenyeji, hasa wale wenye faida kama yule mwenye mabega ya miiba. Wakiwa bado wanachunguza, mwaka 2014 nyigu alikutwa porini Beltsville, katika jimbo lako, akiwa amefika mwenyewe kwa njia ambayo yumkini ni ile ile aliyopitia mdudu, yaani shehena za bidhaa. Tangu hapo ameonekana katika majimbo mengi.

Sisi wa Afrika tuna kisa kinachofanana na hiki. Vidung'ata vya muhogo viliingia barani katika miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kusini bila maadui wao, vikamaliza mashamba katika nchi nyingi. Nyigu mdogo aliyetafutwa huko vilikotoka alianza kuachiwa Nigeria mwaka 1981, na ndani ya miaka michache uharibifu ukashuka katika sehemu kubwa ya ukanda wa muhogo. Vidung'ata bado vipo hadi leo. Kilichobadilika ni wingi wao. Natarajia jambo kama hilo kwenu, labda polepole zaidi, kwa sababu mdudu wa kwenu ni mlaji wa kila kitu na anasafiri mbali. Kwa hiyo, dada, hawataisha. Kuna miaka watakuwa wengi na miaka watakuwa haba, na nyigu akizidi kuenea, miaka ya neema itaongezeka. Kila dawa inayopigwa ovyo bustanini inamuua huyo nyigu kwanza.

Kwa kuwa unaishi mahali palipo na wageni zaidi ya mmoja, nikutajie wengine wawili unaoweza kuwachanganya. Ukiona mbawakawa wadogo wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, na alama nyeusi ya umbo la herufi M nyuma ya kichwa, huyo ni Harmonia axyridis, naye huingia nyumbani majira hayo hayo na huzuiwa kwa kuziba nyufa vivyo hivyo. Aliletwa Marekani kwa makusudi ili ale wadudu wadogo wa mimea, akazidi mipaka. Huyu huweza kung'ata kidogo, na majimaji yake ya manjano hutia madoa kwenye kuta. Mwingine, Lycorma delicatula, mwenye mabawa ya kijivu yenye madoa na mabawa ya ndani mekundu, aligunduliwa wilaya ya Berks, Pennsylvania, mwaka 2014. Huyu haingii nyumbani kulala. Baridi humuua, na kinachobaki ni mayai yaliyopakwa kitu kama udongo mkavu juu ya magogo, mawe, samani za nje na hata magari. Yakwangue na kuyatia kwenye mfuko wenye spiriti. Wote wawili, Lycorma na Halyomorpha, hupenda sana mti wa Ailanthus, kwa hiyo kama upo uani kwenu, ulizeni jinsi ya kuuondoa. Kuukata tu huufanya uchipue machipukizi mengi zaidi.

Hofu yako kuhusu mizigo ya mama ni ya haki kabisa, na ningependa watu wengi wawe nayo. Februari 2018 New Zealand ilizirudisha meli zilizobeba magari kutoka Japani kwa sababu ya wadudu hawa waliojificha ndani yake, na kila mwaka nchi hiyo pamoja na Australia hudai kwamba magari na mitambo kutoka nchi zenye wadudu hawa, zinazosafirishwa katika miezi wanapolala, zitibiwe kabla ya kuingia. Mdudu anayekula mahindi, maharage, nyanya na matunda si wa kumpelekea mkulima yeyote wa Kenya. Kama mizigo inaweza kusubiri, ifungeni Juni au Julai, wakati wadudu wako kwenye mimea. Kama haiwezi, fungeni ndani ya nyumba na si kwenye gereji, tumieni masanduku ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana badala ya maboksi ya karatasi, na mkung'ute kila kitu chenye mikunjo: mapazia, mablanketi, masanduku ya nguo, migongo ya picha za ukutani. Msiache sanduku wazi usiku kucha likisubiri kujazwa. Mbegu, miche na matunda mabichi msivitie bila cheti cha afya ya mimea. KEPHIS, taasisi ya serikali ya ukaguzi wa afya ya mimea, ndiyo yenye mamlaka ya jambo hilo nchini Kenya.

Yapo mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa barua. Mtoto akizidi kukohoa au kuhitaji inhela yake ya pumu mara nyingi zaidi kati ya Oktoba na Mei, au mara baada ya dawa kupigwa, mpelekeni kwa daktari wake na mweleze yote mawili, wadudu na jina la dawa iliyotumika. Kopo lake msilitupe kabla ya hapo. Akimeza dawa au ikamwingia machoni, pigeni simu kituo cha kudhibiti sumu papo hapo, na akishindwa kupumua, iteni gari la wagonjwa. Mkikuta mdudu mwenye kichwa chembamba kilichorefuka na mwili bapa ndani ya chumba cha kulala, msimponde wala msimshike kwa mkono mtupu; mtieni kwenye chupa na kumpeleka akatambuliwe, kwa kuwa wapo wadudu wa aina hiyo Marekani wanaofyonza damu na wanaoweza kubeba ugonjwa wa Chagas. Na mkiamka na alama za kuumwa mwilini, hapo ndipo mtafute kunguni wa kweli, kwa sababu huyu mwenye ngao hahusiki.

Kwa utambuzi wa mdudu, huna haja ya kulipa kampuni. Chuo Kikuu cha Maryland kina huduma ya ugani inayopokea maswali na picha kutoka kwa wakazi. Piga picha mbili, moja ya mgongo na moja ya upande wa tumbo, kwenye mwanga wa kutosha, uweke na rula pembeni. Kama nyumba ni ya kupanga, mwandikieni mwenye nyumba sasa hivi kuhusu nyufa za nje, mkiambatanisha picha za ukuta ulivyojaa mwezi huu, ili apate muda wa kutafuta fundi kabla ya Agosti.